Akwariumu ya watoto: hesabuni bidoni kabla ya kuhesabu samaki



Kikundi kimoja cha wamama hapa Uvira, ambacho kinatunza watoto wadogo wakati wazazi wako sokoni, kimeniletea swali ambalo sikulitarajia. Zamu za likelemba zimekwisha, kumebaki franga kidogo katika kesi ya kikundi, na sasa wanataka kuweka akwariumu katika chumba cha watoto: samaki wadogo wa rangi, majani mabichi ndani ya maji, watoto wakae mbele yake watazame. Mchuuzi mmoja amewapa bei ya bakuli la kioo la lita 12 pamoja na samaki 10. Jamaa mmoja anayehama anauza tangi lenye urefu wa santimeta 120. Wamama wamegawanyika pande mbili, na mama mwenye kutunza kesi anasema yeye samaki anamjua kwenye kikaango tu.

Mama wa kesi simlaumu. Franga za watu wengi zikiingia ndani ya maji, na samaki wakaelea juu baada ya juma mbili, hakuna atakayekubali tena kutoa kitu kwa ajili ya watoto. Lakini mimi niko upande wa wale wanaotaka akwariumu. Watoto wetu wanazaliwa kando ya Ziwa Tanganyika, na samaki wanamjua akiwa amekwisha kufa: ndagala kwenye mkeka, mukeke kwenye beseni. Jinsi samaki anavyopumua, jinsi anavyogeuza mapezi ili asimame mahali pamoja, hawajapata kuona. Na mtoto wa materneli anayejaribu kuhesabu samaki 8 wanaotembea anajifunza kutulia kuliko kwa fimbo yoyote.

Basi tuanze na kipimo, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Watu wanafikiri tangi dogo ndilo rahisi kwa mtu anayeanza. Ni kinyume. Samaki anajisaidia ndani ya maji yale yale anayoyapumua. Uchafu wake unatoa amonia, ambayo ni sumu kwake. Katika lita 12 sumu hiyo haina mahali pa kutawanyika: mtoto akimwaga chakula kingi asubuhi, kesho yake maji yananuka na samaki wanakufa. Katika lita 100 kosa lile lile linakupa siku mbili tatu za kuliona na kulitengeneza. Joto pia, maji kidogo yanapoa na kupata moto upesi, maji mengi yanakwenda polepole. Bakuli la mchuuzi lirudi kwa mchuuzi, na hao samaki 10 alivyowabana humo, nisingewanunua hata kwa nusu ya bei.

Lakini msikimbilie lile la santimeta 120 pia. Hesabu ya lita ni rahisi: urefu mara upana mara kimo, vyote kwa santimeta, kisha gawanya kwa 1000. Tangi la 120 kwa 40 kwa 50 ni lita 240. Hizo ni bidoni 12 za lita 20 siku ya kulijaza. Na kila juma lazima mtoe sehemu moja ya tano ya maji na kuweka mapya, maana yake bidoni 2 na zaidi, juma kwa juma, hata siku ambazo bomba halitoi kitu. Nani atazibeba? Tunajua wote jibu: msichana wa miaka 11 wa mmojawapo wenu. Tangi la kufurahisha watoto wadogo lisimwongezee mtoto mkubwa safari ya maji.

Kwa hiyo mimi nashauri katikati: urefu 80, upana 35, kimo 40. Ni lita 112. Ukitoa mchanga na nafasi ya juu, maji yenyewe yanabaki karibu lita 95, yaani bidoni 5 kulijaza na bidoni 1 kila juma. Bidoni moja, mama mzima anaibeba mwenyewe. Na yale maji machafu mnayotoa msiyamwage barabarani, ni mazuri sana kwa lengalenga, mimea inapenda kile ambacho samaki wamekichoka.

Fundi wa vioo anaweza kuwatengenezea tangi hilo. Mwambieni atumie kioo cha milimita 8, asiwadanganye na cha dirisha cha milimita 4. Silikoni iwe ile safi ya kuunganisha vioo inayonuka kama siki ikiwa mbichi. Ile ya bafu yenye dawa ya kuzuia ukungu inaua samaki. Ikishapakwa, ngojeni juma nzima ikauke, kisha lijazeni nje uani na kuliacha siku 2 mkitazama kama linavuja. Afadhali livuje uani.

Uzito nao. Maji, kioo na mchanga pamoja vinakaribia kilo 150, sawa na mifuko 3 ya simenti. Meza ya kulia haiwezi. Seremala atengeneze meza yenye miguu minene na ubao wa katikati wa kuzuia kuyumba, kimo chake santimeta 60 tu, ili jicho la mtoto wa miaka 4 lifike katikati ya kioo bila kupanda juu ya kiti. Iegemee ukuta. Chini ya tangi wekeni ile karatasi nyeupe nyepesi inayokuja ndani ya katoni za televisheni, kwa sababu chembe moja ya mchanga chini ya kioo inatosha kukipasua. Juu, kifuniko cha kioo au wavu uliovutwa kwenye fremu ya mbao. Unazuia vidole, na unazuia samaki kuruka.

Sasa vyombo. Wachuuzi watawaonyesha mashine nyingi zenye taa za bluu na mapovu yanayotoka kwenye kinywa cha mamba wa plastiki. Kwa chumba chenu nahesabu vitu vitatu tu.

Cha kwanza ni chujio la sponji linaloendeshwa na pompi ndogo ya hewa. Hewa inapanda ndani ya bomba, inavuta maji kupita kwenye sponji, na ndani ya sponji vinaota vijidudu vizuri vinavyogeuza ile amonia kuwa kitu kisicho na sumu kali, ambacho majani yanakula. Ndiyo maana sponji haioshwi kwa maji ya bomba yenye klorini. Inakamuliwa ndani ya beseni la maji yaliyotoka kwenye tangi lenyewe. Yako machujio makubwa ya kufungwa ndani ya ndoo, mazuri kwa wenye umeme wa kudumu. Hapa umeme ukikatika usiku mzima, vijidudu vilivyofungwa ndani vinakosa hewa na kufa, na mashine ikiwaka tena inatapika uozo wote juu ya samaki. Sponji iko wazi ndani ya maji, inavumilia zaidi.

Pompi ya namna hiyo inakula karibu wati 4. Kwa saa 10 ni wati-saa 40. Betri ndogo ya volti 12 na ampea 7, ile ya sahani ya jua, ikiwa mpya inashika wati-saa 84, na haifai kuikamua zaidi ya nusu. Basi usiku mmoja inawatosha. Ziko pia pompi zinazokubali waya wa kuchajia simu. Pompi ikae juu kuliko maji, isiwe chini, kwa sababu umeme ukikatika maji yanaweza kurudi kwenye mpira hadi kwenye mashine. Waya ushuke kwanza chini kisha upande kwenye plagi, ili tone linaloteremka lidondoke sakafuni, lisiingie kwenye plagi. Na hakuna mkono unaoingia majini kabla plagi haijatolewa. Hili liandikeni ukutani kwa herufi kubwa.

Cha pili ni taa ya LED, nyeupe, saa 8 kwa siku. Tangi lisipigwe na jua la dirishani, maana litageuka kijani kama dimbwi. Cha tatu ni kipimajoto cha kubandika.

Mmeona sikutaja rezistansi ya kupasha maji. Hapa Uvira, karibu mita 780 juu ya bahari, maji ndani ya nyumba yanakaa kwenye digri 24 na zaidi karibu mwaka mzima, na samaki nitakaowataja wanapenda hivyo. Dada zetu wa Bukavu, wanaokaa mita 1500, hali yao ni nyingine: chumba kikishuka hadi digri 18 usiku, bila rezistansi samaki hao wataugua. Nao wa Lubumbashi waifikirie miezi ya 6 na ya 7. Rezistansi inakula umeme mara 20 kuliko pompi, na betri ndogo haiiwezi. Kabla ya kununua, ning'inizeni kipimajoto ndani ya ndoo ya maji chumbani kwa juma moja na kuandika kila asubuhi.

Majani ndiyo yanayofanya akwariumu ya maskini idumu. Yanakula uchafu, yanawapa samaki wadogo maficho, na mchana yanatoa oksijeni. Usiku hayatoi, nayo yanavuta kama sisi. Kwa hiyo umeme ukikatika usiku, saa ya hatari ni alfajiri. Mkiona samaki wote wako juu wanafungua vinywa, chota maji kwa kikombe na uyamimine kutoka juu mara nyingi, wala msiwape chakula siku hiyo. Ziwa letu lenyewe lina majani mazuri: Vallisneria, iliyo ndefu kama utepe, na Ceratophyllum, inayofanana na mkia wa paka na haihitaji hata mizizi. Ukipata Anubias, lile jani gumu la vijito vya misitu ya Afrika ya Kati, lifunge kwa uzi juu ya jiwe, shina lake lisizikwe mchangani.

Lakini hapa nasema kwa sauti ya mwalimu: msitume watoto kuchuma majani ziwani. Mamba na viboko mnawajua. Konokono wa maji je? Baadhi yao wanabeba kichocho. Majani yachumwe na mtu mzima, yasafishwe, yakae juma 2 katika beseni la maji safi mbali na watoto, na kila konokono na kila ute wa mayai kwenye jani uondolewe kwa glavu. Maji ya tangi yasichotwe ziwani pia, kolera hatuihitaji ndani ya chumba cha watoto. Tumieni maji ya Regideso, yalazeni saa 24 ndani ya beseni pana ili klorini itoke, na juu wekeni wavu uliofungwa vizuri, kwa ajili ya mbu na kwa ajili ya mtoto anayetambaa.

Na samaki? Walio wengi wa ziwani si wa kukaa mchanganyiko. Sikilidi wetu ni wazuri, watu wa Ulaya wanawanunua, ila wengi wanapigana na wengine wanang'oa majani. Yule anayeitwa tetra wa Kongo, mwenye mkia wa nyuzi, anatoka mto wa Kongo, anapenda maji laini na kuishi kundi, na dume anafika santimeta 8. Tangi hili ni dogo kwake. Mimi ningechukua gapi, madume watupu 8. Hawafiki santimeta 4, wana rangi zote, na maji yenye chokaa wanayapenda. Kwa nini madume watupu? Jike mmoja anazaa karibu kila mwezi, watoto 20 au zaidi kwa mara moja, na anaweza kuendelea kuzaa miezi bila kuona dume. Baada ya nusu mwaka mtaniita. Wakizidi, wasitupwe ziwani wala mtoni hata mmoja, kwa sababu ni samaki wa Amerika ya Kusini, na ziwa letu lina samaki wengi wasiopatikana mahali pengine popote duniani.

Tangi likijazwa na kupandwa, ngojeni juma 4 bila samaki, mkiweka chembe chache tu za chakula kila siku ili vijidudu vya sponji vipate cha kula. Watoto watauliza kila asubuhi. Chora kalenda ukutani, wakate siku moja moja. Kisha leteni samaki 3, na baada ya juma 2 wale 5.

Chakula kifungiwe. Mara moja kwa siku, kiasi kinachokwisha ndani ya dakika 2, na mtoto mmoja tu kwa zamu ndiye anayekitia, mama akiwa amesimama pembeni. Wamama wawili waandikwe kwa jina katika daftari la kikundi, mmoja wa maji na mmoja wa umeme, na likizo ikifika waseme mapema nani anabaki na ufunguo. Kama hamna watu wawili wa kujiandika, basi mama wa kesi ana haki, franga zibaki zilipo kwanza.