Kabla ya kukemea roho ya usingizi, uliza mtoto alilala saa ngapi



Neno la leo ni Matendo ya Mitume 20:7-12.

Paulo alikuwa Troa, akihubiri mpaka usiku wa manane. Luka anatuambia chumba kile cha juu kilikuwa na taa nyingi. Kijana Eutiko alikuwa ameketi dirishani. Usingizi ukamlemea, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu, akaokotwa amekufa. Sasa angalia Paulo alifanya nini. Hakumkaripia. Hakusema kijana ana pepo la usingizi. Alishuka, akamkumbatia, na kijana akawa mzima.

Nimeleta neno hili kwa sababu ya jambo tunaloliona makanisani, kuanzia Garsen na Minjila mpaka Tarasaa na Ngao. Mzazi anamleta kijana wake aombewe. Anasinzia darasani, alama zimeshuka, akisemeshwa anafoka, ibada haitaki tena. Mzazi ameshaamua kwamba ni roho chafu, au ni mkono wa jirani. Mimi naamini maombi, na naamini mapepo yapo. Lakini swali la kwanza lisiwe "Ni nani amemroga?" Liwe "Jana ulilala saa ngapi, na simu ilikuwa wapi?"

Tufanye hesabu, maana hesabu haina upako wala uchawi. Wataalamu wa usingizi wanasema kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kila usiku. Mtoto wa shule ya kutwa anaamka saa kumi na moja alfajiri. Akiiweka simu chini saa saba usiku, amelala saa 4. Kwa siku tano za shule anadaiwa na mwili wake angalau saa 20. Kijana huyo akianguka usingizi wakati wa hesabati, hajarogwa. Mwili unadai deni lake.

Na Mungu hakuumba usingizi kwa bahati mbaya. Mtoto akilala, ubongo unapanga na kuhifadhi yale aliyofundishwa mchana. Akilala usingizi mzito, mwili unatoa homoni ya kumkuza. Giza likiingia, ubongo hutoa homoni nyingine inayouambia mwili kwamba sasa ni usiku. Kwa vijana homoni hiyo huchelewa kuliko kwa watu wazima, na mwanga wa simu karibu na macho huichelewesha zaidi. Troa zilikuwepo taa nyingi. Leo kila kijana ana taa yake mkononi.

Sisi watu wa delta tunajua kukesha. Mkulima hulala shambani akifukuza viboko wasimalize mahindi na mpunga. Mto Tana ulipofurika mwishoni mwa 2023, na tena Aprili na Mei 2024, watu walikesha wakiangalia maji yamefika wapi. Kukesha huko kulikuwa kwa lazima. Huku kwa watoto wetu tunakununua kwa bando. Tena bando lenyewe ni la saa moja, likianza haliwezi kusubiri kesho, basi mtoto anaona akilala amepoteza pesa. Na video moja ikiisha, nyingine inaanza yenyewe. Kitabu kina ukurasa wa mwisho, hata mechi ina kipenga cha mwisho. Kile kitu kimetengenezwa kisiwe na mwisho.

Tazama basi kitanda cha mtoto wako. Umeweka chandarua, umekichomeka vizuri chini ya godoro, mbu hapiti. Lakini simu umeipisha ndani ya chandarua.

Agosti 2023 Bunge la Taifa lilipokea ombi la kutaka TikTok ipigwe marufuku Kenya. Mimi sioni dawa ikitoka Nairobi. Ukiiondoa TikTok, YouTube ipo, na michezo ya simu ipo. Shida yetu kubwa ni mahali simu inapolala.

Kijana ataniuliza, "Mchungaji, mbona nyinyi mnakesha kanisani?" Swali zuri, mwanangu. Kesha lina siku yake na lina mwisho wake. Lakini watumishi wenzangu, tukumbuke Eutiko alianguka mahubiri yakiendelea. Kesha la vijana lisiwekwe usiku ambao kesho yake ni shule.

Kwa hiyo wazazi, nawaomba haya:

1. Simu zote za nyumba zichajiwe mahali pamoja, nje ya chumba cha watoto. Ikifika saa tatu usiku, ziwe zimekwenda kulala.

2. Anza na yako. Baba anayetazama mechi kitandani na mama anayejibu magrupu mpaka usiku wa manane hawana mdomo wa kumwambia mtoto alale.

3. Akisema anaihitaji imwamshe, mnunulie saa ya kengele. Na Garsen hatukosi cha kutuamsha: jogoo wapo, na adhana ya alfajiri ipo.

4. Likizo ndiyo hatari zaidi, hasa kwa mtoto wa bweni ambaye muhula mzima hakuruhusiwa simu. Panga naye saa za simu siku ile ile anaposhuka kwenye gari.

5. Usimpige wala usimvunjie simu. Mtoto aliyeshindwa kabisa kuiacha, hata baada ya masomo na urafiki kuharibika, anahitaji msaada. Shirika la Afya Duniani limeutambua uraibu wa michezo ya video kuwa ugonjwa tangu 2019. Mpeleke hospitali, na bado tutamwombea.

Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba vitu vyote ni halali kwake, lakini hatatawaliwa na chochote. Simu ni halali. Hata ujumbe huu umekufikia kwayo. Lakini Zaburi ya 127 inatufundisha kwamba usingizi ni kitu Mungu anawapa wapenzi wake. Tusiruhusu zawadi ya Baba iibiwe chini ya chandarua, halafu asubuhi tumkemee shetani peke yake.

Tuombe: Baba, tupe hekima ya kushuka na kuwakumbatia watoto wetu kabla ya kuwahukumu. Wape usingizi mtamu usiku wa leo. Katika jina la Yesu, Amina.

Mtumie mzazi mwenzako ujumbe huu. Lakini kama ni baada ya saa tatu, mtumie kesho. Mbarikiwe.