Mchagua jembe naye ni mkulima

Hivi majuzi nilikuwa katika soko la Kikima, kule kwenye vilima vya Mbooni, Kaunti ya Makueni, nikingojea gari la kunirudisha Nairobi. Ukungu ulikuwa umetanda na baridi ilikuwa kali, kwa hivyo nikaingia katika mkahawa mmoja kujipasha moto kwa chai. Meza ya jirani waliketi vijana watatu, kila mmoja na kompyuta yake ndogo. Walikuwa wakibishana kwa sauti, nami nikadhani ni kandanda. La hasha! Walikuwa wakibishana juu ya kibodi.

Vijana hawa huandika programu za kompyuta na kuunda tovuti za wateja walio Nairobi na ng'ambo. Mmoja alisifu kibodi ambayo vibonye vyake havihitaji kugongwa kwa nguvu. Wa pili alisema yeye hutumia kipanya cha kusimama wima, ambacho hushikwa kama mtu anayesalimiana na mwenzake. Wa tatu alikuwa kimya. Alikuwa amefunga bandeji kwenye kifundo cha mkono wa kulia.

"Kijana, umeumia shambani?" nikamuuliza.

"La, mzee. Ni hii kazi tu," akajibu, akionyesha kompyuta kwa kidevu.

Alinieleza kwamba usiku vidole vyake hufa ganzi, hasa kidole gumba, cha shahada na cha kati. Huamka akikung'uta mkono kama anayekung'uta maji. Juma lililotangulia alikuwa ameangusha kikombe bila kujua. Alipomwomba tajiri wake fedha kidogo anunue kibodi bora, alijibiwa kwa methali: mchagua jembe si mkulima.

Msomaji mpendwa, methali hiyo imenikaa moyoni tangu siku ile. Naiheshimu hekima ya wahenga, lakini katika jambo hili sina budi kuipinga. Mkulima wa Mbooni, anayechimba matuta kwenye mteremko mkali, hashiki jembe lolote analopewa. Hupima mpini kwa kimo chake. Ukiwa mfupi mno, mgongo utamuuma kabla ya saa nne, naye ataubadilisha. Sijapata kumwona mtu akijikunja maisha yake yote ili amridhishe mpini. Mbona basi tunawataka vijana wetu wajikunje ili waziridhishe mashine?

Maumivu haya si uvivu, wala si ugonjwa wa kizungu uliokuja na mtandao. Mnamo 1700 daktari Mwitaliano, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu kuhusu maradhi ya wafanyakazi. Katika toleo lake lililopanuliwa la 1713 aliwataja makarani ambao mikono yao ilichoka kwa kushika kalamu siku nzima huku wakiketi bila kusogea. Kalamu imeondoka, karani yupo. Hata mpangilio wa herufi katika kibodi zetu ni wa taipureta iliyoingia sokoni Marekani mnamo 1874. Nacho kipanya cha kwanza, ambacho Douglas Engelbart na wenzake walikiunda katika miaka ya 1960, kilikuwa kisanduku cha mbao chenye magurudumu. Vifaa hivi vilibuniwa na binadamu, na kile kilichobuniwa na binadamu kinaweza kurekebishwa na binadamu.

Ni nini hasa hutokea mkononi? Kwenye kifundo kuna njia nyembamba iliyozungukwa na mifupa na utepe mgumu. Ndani yake hupita kano za vidole pamoja na mshipa wa fahamu unaohudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Njia hiyo ikibanwa, mshipa huo hulalamika: ganzi, kuchomachoma na maumivu, aghalabu usiku. Si kila mkono unaouma una tatizo hili. Wengine huwa wamechosha kano na misuli kwa kurudia jambo lile lile maelfu ya mara. Tena mshipa huo huweza kubanwa kwa sababu nyingine kabisa, kama vile kisukari, ujauzito au maradhi ya tezi ya shingo. Ndiyo maana mtu hafai kujitibu kwa kubahatisha.

Nilimuuliza yule kijana ametumia dawa gani. Alinionyesha vidonge vya maumivu alivyonunua dukani, ambavyo alikuwa akivimeza kila siku kwa mwezi mzima. Hapo ndipo nilipopata wasiwasi wa kweli. Baadhi ya dawa hizo, zikitumiwa mfululizo bila ushauri, huumiza tumbo na figo. Isitoshe, hunyamazisha maumivu huku chanzo chake kikiendelea. Mkono ukipelekwa hospitali mapema, mara nyingi hutosha kuvaa kifaa cha kunyoosha kifundo wakati wa kulala na kubadilisha namna ya kufanya kazi. Ukicheleweshwa, huenda ikabidi kudungwa sindano au kufanyiwa upasuaji. Ukicheleweshwa zaidi, misuli iliyo chini ya kidole gumba huanza kunyauka, na nguvu iliyopotea huenda isirudi yote. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Yule kijana wa kipanya cha wima alikuwa na dawa yake. "Aache kuandika kwa vidole," alisema. "Aiambie kompyuta, nayo iandike." Alimaanisha programu za imla. Sisi tuliosoma zamani twaikumbuka imla: mwalimu anasoma, mwanafunzi anaandika. Sasa mwanafunzi ni mashine. Jambo hili si geni. Mnamo 1997 kampuni moja ya Marekani ilianza kuuza programu iitwayo Dragon NaturallySpeaking, ambayo ilimwezesha mtu kusema mfululizo bila kunyamaza baada ya kila neno. Mnamo 2017 kampuni ya Google ilikiongeza Kiswahili katika orodha ya lugha ambazo simu inaweza kuziandika kwa kusikia.

Mwenye mkono mgonjwa alicheka. "Nimejaribu. Niliiambia 'mabano', ikaandika 'mapambano'."

Sote tukacheka, lakini jambo lenyewe si la mzaha. Programu hizi zilifunzwa kwa sauti za watu. Mtu ambaye lafudhi yake haikuwamo katika mafunzo hayo husikika vibaya, kisha hulazimika kusahihisha kwa mkono ule ule unaomuuma. Tena kazi ya programu imejaa mabano, nukta na alama ambazo hazitamkiki kwa urahisi. Na mtu akisema kutwa nzima bila kunywa maji, koo nalo litachoka. Hata hivyo, barua, maelezo na ripoti zinaweza kuandikwa kwa sauti, na kila neno linalosemwa ni mgongo mmoja umepunguziwa mkono.

Hapa nawakumbusha Wakamba wenzangu kuhusu mwethya. Wazee wetu walichimba matuta kwa kusaidiana, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Shirika la Mozilla lina mradi uitwao Common Voice, ambao mnamo 2021 ulianza kukipa Kiswahili uzito wa pekee. Mtu yeyote anaweza kusoma sentensi chache na kuchangia sauti yake. Kama sauti za Mbooni, Mwingi na Kibwezi hazitakuwamo, tusishangae mashine ikiendelea kutuandikia mapambano.

Wakati tukiongea, mama mmoja aliingia na simu mkononi, akamwomba kijana wa kibodi amsaidie kujaza fomu mtandaoni. "Mwanangu, macho yangu hayaoni maandishi haya," alisema. Nikaitazama simu. Maandishi yalikuwa madogo, membamba, ya rangi ya kijivu juu ya nyeupe, na kitufe cha kutuma kilikuwa kidogo kama punje ya mtama.

"Huo ndio mtindo wa kisasa, mzee," kijana akanieleza. "Wateja hupenda ukurasa mwepesi."

Mimi huvaa miwani, kwa hivyo sikuweza kunyamaza. Kwanza, mtindo wa ukurasa wa tovuti ni suala la afya. Wengi wetu tukifika miaka arobaini na kitu, macho huanza kushindwa kuona vya karibu. Kuna watu wenye mtoto wa jicho, na kuna wenye mikono inayotetemeka wasioweza kulenga kitufe kidogo. Pili, kanuni zipo tangu zamani. Lugha ambayo hupamba kurasa za mtandao, iitwayo CSS, iliidhinishwa mnamo 1996 ili sura ya ukurasa itenganishwe na maneno yake. Kwa njia hiyo maandishi yaweza kukuzwa bila kuvuruga habari. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2008 unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma kwa kiwango cha angalau 4.5 kwa 1. Pia unataka yaweze kukuzwa maradufu bila kupoteza kitu. Anayeunda tovuti na kumfungia nje mama huyu hana tofauti na fundi anayejenga zahanati isiyo na mlango.

Maoni yangu ni haya. Waajiri waache kujificha nyuma ya methali. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri arekebishe mahali pa kazi na vifaa vimfae mfanyakazi. Lakini kijana anayelipwa kwa kipande na tajiri aliye ng'ambo, nani atakayemkagulia meza yake? Serikali za kaunti na kitaifa, ambazo zinawahimiza vijana watafute kazi mtandaoni, ziwafundishe pia kuilinda mikono na macho, siyo kutafuta wateja tu.

Nanyi vijana, msingoje serikali. Kompyuta ndogo ina kasoro moja kubwa: skrini na kibodi vimeungana, kwa hivyo ama shingo itainama ama mikono itainuliwa. Iwekeni juu ya vitabu au kasha mpaka ukingo wa juu wa skrini ukaribie usawa wa macho, kisha tumieni kibodi ya pembeni. Kifundo kiwe kimenyooka, viwiko viwe karibu na mbavu, na vibonye viguswe badala ya kupigwa. Kila baada ya dakika 20, tazameni kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Kikima mmebarikiwa vilima, vitazameni! Na ganzi ikirudi usiku baada ya usiku, nendeni hospitali, msiende dukani.

Gari langu lilipofika, yule kijana alinyoosha mkono kuniaga. Aliutoa wa kushoto, kisha akaomba radhi, kwani kwetu si adabu. Nilimwambia asijali. Akaniahidi kwamba kabla ya juma kwisha atamwona daktari.

Nimeshika ahadi yake. Mkulima mwenye akili huchagua jembe, kwa sababu jembe laweza kununuliwa tena, mkono hauwezi.