Mtihani wa moyo haukaririwi

Je, nyumbani mwako kuna daktari, muuguzi au fundi wa mitambo ya hospitali anayejiandaa kwa mtihani wa ubingwa wa mdundo wa moyo? Basi haya ya leo ni yake, na ni yenu pia mnaoishi naye.

Mtihani huu si mgeni. Bodi ya kimataifa ya watahini wa mdundo wa moyo, iliyoanzia Marekani mwaka 1985, huwatahini madaktari na hata wasio madaktari. Maswali ni ya kuchagua jibu, na hapo ndipo wengi hudanganyika, wakidhani kuwa wakikimeza kitabu kizima cheti ni chao. La hasha! Mtahiniwa huwekewa karatasi ya michoro ya mapigo ya moyo, na karatasi hiyo haikaririwi, husomwa.

Chukua mfano huu. Wimbi dogo liitwalo P huonyesha umeme ukienea katika vyumba vya juu vya moyo. Kilele kirefu kinachofuata, QRS, ni cha vyumba vya chini. Kutoka mwanzo wa P hadi mwanzo wa QRS, muda wa kawaida ni sekunde 0.12 hadi 0.20, yaani visanduku vidogo 3 hadi 5.

Sasa wako wagonjwa wawili. Kwa wa kwanza, muda huo hurefuka pigo baada ya pigo, hadi pigo moja likaruka. Kwa wa pili haubadiliki, kisha pigo hupotea ghafla bila dalili. Mwenye haraka atasema wote wamekosa pigo, basi! Lakini wa kwanza mara nyingi huangaliwa tu. Wa pili moyo wake waweza kusimama bila onyo, na kwa kawaida huhitaji pesimeka, kile kifaa kidogo cha kuuchochea moyo kwa umeme. Kosa lililokugharimu alama moja mtihanini laweza kumgharimu mtu uhai wodini.

Kwa hivyo, ewe mtahiniwa, shika utaratibu mmoja kwa kila karatasi. Je, mapigo yana mpangilio? Kasi yake ni ngapi? Gawanya 300 kwa idadi ya visanduku vikubwa kati ya vilele viwili; vikiwa 4, moyo hupiga mara 75 kwa dakika. Je, kila QRS imetanguliwa na P? Muda kati yao ni upi? Je, QRS ni nyembamba au pana? Jibu yote matano kabla ya kutaja jina la ugonjwa.

Soma karatasi chache kila siku, kwani haba na haba hujaza kibaba. Uliyoikosea iweke kando, uirudie baada ya siku tatu.

Nanyi jamaa, kumbukeni kuwa huyu hutoka zamu ya usiku akiwa hoi. Mpeni saa moja isiyo na kelele za televisheni wala wageni wa ghafla. Hata mtoto wa sekondari aweza kumsomea maswali hayo matano. Si lazima ajue majibu. Kazi yake ni kuhakikisha kuwa mzazi wake haruki hata moja.

Kila la heri, watahiniwa. Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.