Mwenye Sahihi Siye Mwenye Hazina

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton, kule Njoro, hawatausahau upesi mwaka wa 2025. Wahadhiri wa vyuo vya umma nchini waligoma kwa siku 49, tangu Septemba 17 hadi Novemba 5. Wengi wetu hapa Nakuru tuliwashutumu kwamba hawawajali vijana. Nami nilikuwa miongoni mwa walioshutumu, hadi nilipouliza walikuwa wakidai nini. Dai lao kuu halikuwa nyongeza mpya. Walidai Sh7.9 bilioni zilizosalia za mkataba wa 2017 hadi 2021, ambao ulikwisha kutiwa sahihi.

Walimu wakongwe wanaijua hadithi hiyo. Mnamo Oktoba 1997, uchaguzi mkuu ukikaribia, serikali ilikubaliana na chama cha KNUT kuongeza mishahara kwa asilimia 150 hadi 200 katika muda wa miaka mitano. Awamu ya kwanza ililipwa. Kisha serikali ikadai haina fedha, na mwaka wa 1998 walimu wakagoma tena.

Tulinganishe hayo na mashamba ya maua ya Naivasha. Chama cha wafanyakazi wa mashamba, chenye makao makuu papa hapa Nakuru, huketi na muungano wa waajiri wa kilimo, wakavutana, wakaafikiana. Sisemi kwamba mishahara ya huko yatosha, wala kwamba hakuna malalamiko. Ila mwajiri anayefungwa na mkataba ndiye huyo huyo anayelipa. Kwa wahadhiri na walimu sivyo. Mabaraza ya vyuo au Tume ya Kuwaajiri Walimu ndiyo hutia sahihi, ilhali funguo za hazina zimo mikononi mwa wengine.

Ni kweli, Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 yaupa mkataba nguvu pindi unaposajiliwa mahakamani. Hiyo ni hatua njema. Lakini usajili haujazi hazina.

Rai yangu ni hii: Hazina ya Kitaifa iwepo mezani tangu siku ya kwanza ya mazungumzo, na tarehe za malipo ziandikwe ndani ya mkataba. Vyama navyo visishangilie sahihi kabla ya kuuliza fedha zitatoka wapi katika bajeti. Ahadi ni deni, walisema wahenga. Deni hili mwenye hazina asipolilipa, mwanafunzi ndiye hulilipa kwa siku zake za masomo.