Safu ya Afya: Kwa Nyuma, kwa Mbele au Ubavuni?



Mwezi uliopita tulikwenda kumjulia hali mama mmoja wa hapa Ilford. Kwa miezi mingi mkono wake wa kulia ulikuwa ukifa ganzi. Kwanza alishindwa kufunga vifungo vya nguo, kisha mwendo wake ukawa wa kuyumba. Picha ya MRI ilionyesha uvimbe uliotoka katika mshipa wa fahamu wa shingo. Daktari alishauri upasuaji wa kupitia nyuma ya shingo. Nyumbani pakazuka ubishi. Shemeji yake alisikia kuwa wengine hupasuliwa kwa mbele. Kwa nini huyu apasuliwe kwa nyuma? Mama mwenyewe akasema, "Shingo haichezewi. Niacheni kama nilivyo." Tumeona tulieleze jambo hili, kwani khofu hiyo si yake peke yake.

Shingo ina pingili saba. Ndani yake umepita ugwe wa mgongo, ambao ndio njia ya amri zitokazo kwenye ubongo kwenda mikononi na miguuni. Kila upande hutoka mishipa minane ya fahamu, kila mmoja kwa kitundu chake. Uvimbe uotao katika ala ya mshipa huo, uitwao shwanoma, kwa kawaida si saratani, nao hukua polepole. Hatari yake ni kule kuukandamiza ugwe mahali pembamba pasipo nafasi. Mara nyingine hutokeza nje kupitia kitunduni, ukawa na umbo la kibuyu chenye kiuno: nusu ndani, nusu nje.

Basi njia huchaguliwa kwa kutazama mahali uvimbe ulipokaa. Ulioko ndani, nyuma au ubavuni mwa ugwe, huendewa kwa nyuma, nayo ndiyo njia itumikayo zaidi. Misuli hutengwa, sehemu ya nyuma ya pingili huondolewa, utando hufunguliwa, na uvimbe hutolewa kidogo kidogo chini ya hadubini. Ikilazimu kuondoa kiungo cha pembeni ili kufikia kitundu, shingo hupungukiwa na nguzo yake. Hapo hutiwa vyuma na skrubu.

Ulioko mbele kabisa ya ugwe, na huu ni nadra, huweza kuendewa kwa mbele, kando ya koo. Sauti huweza kukwaruza na kumeza kukawa kugumu kwa muda. Ama ule ambao sehemu yake kubwa iko nje huweza kuendewa ubavuni. Hapo pana ateri ipandayo kwenye ubongo kupitia vitundu vya pingili sita za juu, na daktari hana budi kuilinda. Wapo wahitajio njia mbili. Na uvimbe mdogo usioleta dhara huweza kuachwa, ukafuatiliwa kwa picha.

Elimu hii ina asili karibu nasi. Tarehe 9 Juni 1887, katika hospitali ya Queen Square hapa London, Victor Horsley aliutoa uvimbe uliokandamiza ugwe wa mgongo wa kapteni mmoja, baada ya William Gowers kukisia ulipo bila picha yoyote. Uvimbe ule ulikuwa kifuani, si shingoni. Miguu ya kapteni ilikuwa imepooza. Baadaye alitembea tena. Leo kitengo cha upasuaji wa aina hii kipo Queen's Hospital, Romford, na kwa jamaa zetu walioko Dar es Salaam ipo taasisi ya MOI, Muhimbili.

Hatusemi kwamba upasuaji hauna hatari. Maji ya ugwe huweza kuvuja, jeraha huweza kuoza, na mkono huweza kudhoofika. Lakini kungoja nako kuna gharama yake: nguvu iliyopotea kwa muda mrefu huenda isirudi yote. Miguu ikidhoofika upesi, au mkojo ukikataa kuzuilika, nendeni idara ya dharura siku hiyo hiyo.

Mkionana na daktari, ulizeni: uvimbe uko wapi hasa? Kwa nini njia hii na si nyingine? Je, mshipa wenyewe utakatwa, na mkono utapoteza nini? Vyuma vitahitajika? Ombeni mkalimani wa hospitali. Msimtwike mtoto wa shule mzigo wa kufasiri habari kama hizi. Ulizeni pia lini shingo itaweza kuinama kwa sijda. Kabla ya hapo, dini imempa mgonjwa ruhusa ya kuswali ameketi na kusujudu kwa ishara.

Mama yetu amekubali kurudi kwa daktari, na shemeji yake atafuatana naye akiwa na maswali hayo kwenye karatasi. Tumuombee, na wagonjwa wetu wote, shifaa ya haraka. Amin.