Tunampeleka mama Serengeti, tena kwa raha zake

Jumapili iliyopita tulikaa kikao cha familia nyumbani kwa dada yangu, Kimara. Ajenda ilikuwa moja tu: mama amestaafu, tumfanyie nini? Miaka 36 amesimama mbele ya ubao katika shule za msingi za mkoa wa Morogoro. Kaka yetu aliyeko Mwanza alihudhuria kwa simu. Tulimweka mezani, sauti juu, pembeni ya sahani ya maandazi.

Pendekezo la kwanza mnalijua hata kabla sijaliandika. Sherehe! Ukumbi, mshereheshaji, keki, ndafu, sare za kamati na kadi za mchango. Dada alishapiga hesabu kwenye daftari: milioni tisa. Mimi kitinda mimba nikasema, "Kwa nini tusimpeleke Serengeti siku tatu, akalala pazuri, akala vizuri, akawaona simba?" Kimya. Halafu wakacheka. Kaka akauliza kutoka Mwanza, "Kwani mama ni mzungu?"

Swali hilo ndilo limenifanya nije kibarazani leo.

Mama amefundisha jiografia. Ameichora ramani ya Tanzania kwa chaki mara nyingi kiasi kwamba anaweza kuichora amefumba macho, na kila mara pale juu, kati ya Ziwa Victoria na Ngorongoro, aliandika SERENGETI. Hajawahi kufika. Wanyama wake wote amewaonea Mikumi, kupitia dirisha la basi, kwenye zile kilomita 50 hivi ambapo barabara kuu ya kwenda Iringa inapasua hifadhi. Twiga mmoja, swala kumi, tembo kwa mbali, halafu abiria wa mbele anasimama na kumziba.

Na mimi je? Nisijifiche. Serengeti ilipotajwa tena kuwa hifadhi inayoongoza Afrika kwenye tuzo za World Travel Awards mwaka 2023, habari ile niliiandika nikiwa mezani Dar es Salaam, chini ya kiyoyozi. Nikaiita "fahari yetu". Fahari ambayo mwandishi mwenyewe hajawahi kuikanyaga!

Septemba 1961, miezi michache kabla ya uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa tamko kuhusu wanyamapori linaloitwa Arusha Manifesto (msilichanganye na Azimio la Arusha la 1967). Aliahidi kwamba tutafanya kila tuwezalo ili wajukuu wa watoto wetu waweze kuufurahia urithi huu. Kuufurahia, jamani. Hakusema tuulinde tu ili wengine waje waufurahie. Kulinda tumelinda, na wageni wanakuja: mwaka 2023 waliingia nchini zaidi ya milioni 1.8. Sisi tumebaki na kazi ya kuwapokea na kuwapungia mkono.

Basi kikao kikanipa wiki moja nilete mpango. Nikaanza kwa kupiga simu kwenye kampuni moja ya utalii, jina nalihifadhi. Nikasema nataka safari ya siku tatu Serengeti, ya hadhi ya juu, watu wanne. Sauti ya upande wa pili ikachangamka: "Wageni wako wanatoka nchi gani?" Nikajibu, "Mmoja anatoka Morogoro." Uchangamfu ukakatika kama umeme. "Aaah. Kwa Watanzania tuna ile ya basi, ya kutwa, Mikumi." Nikamshukuru, nikakata simu. Kumbe swali la kaka lina ndugu zake mjini.

Sina ugomvi na safari ya basi ya kutwa. Ni nzuri kwa wanafunzi na vijana. Ugomvi wangu ni na yule anayesikia Kiswahili kwenye simu akahitimisha kwamba mwenye lugha hiyo hawezi kuulizia kitanda kizuri.

Mpango wa kwanza aliuleta dada, maana alishaanza kunogewa. Tarangire, Ziwa Manyara, Ngorongoro na Serengeti, zote nne kwa siku tatu, kuanzia Arusha. Kwenye karatasi unapendeza sana. Sasa tupige hesabu. Kutoka Arusha hadi Seronera, katikati ya Serengeti, ni zaidi ya kilomita 300. Lami inakufikisha geti la Ngorongoro. Baada ya hapo sehemu kubwa ni vumbi na mawe ya kukutikisa mpaka meno. Ni safari ya saa saba au nane bila kuzubaa, na ukirudi hivyo hivyo siku mbili kati ya tatu zimekwisha ukiwa umeshikilia kiti. Tena kupita tu ndani ya eneo la Ngorongoro kwenda Serengeti unalilipia. Mama ana magoti ya mwalimu. Tungemrudisha Morogoro akiwa amepiga picha na mageti manne.

Njia ya pili ni ndege ndogo kutoka Arusha, kama saa moja hivi, mzigo usizidi kilo 15 na uwe kwenye begi laini. Wenye nazo na wenye haraka wanapanda hiyo, na kwa siku tatu ni uamuzi wa busara. Mama nilipomweleza alisema yeye hapandi baiskeli yenye mabawa. Tukaliacha.

Hapo ndipo kaka, yule yule aliyecheka, alipotoa la maana: "Mbona mnazunguka? Njooni Mwanza." Ni kweli kabisa! Tumezoeshwa kudhani Serengeti ina mlango mmoja, wa Arusha. Geti la Ndabaka liko pembeni ya barabara ya lami ya Mwanza kwenda Musoma, baada ya Magu na Lamadi. Kutoka Mwanza mjini ni kama saa mbili na nusu kwa gari. Ukishaingia, unafuata ukanda wa magharibi hadi Seronera, kilomita 140 hivi, na njia yenyewe ndiyo mbuga. Unapita maeneo ya mto Grumeti wenye mamba wakubwa, mbega wanaruka kwenye miti ya kando ya mto. Mama atapanda treni ya umeme Morogoro hadi Dar, halafu ndege kubwa hadi Mwanza. Hiyo haina mabawa ya baiskeli.

Sasa nifike kwenye hoja yangu. Safari fupi ya kifahari ni nini hasa? Wengi tunadhani ni bwawa la kuogelea na mito sita kitandani. Mimi baada ya wiki nzima ya kuulizia bei nimefikia mahali pengine: anasa ya porini ni muda. Kukaa na simba saa nzima bila dereva kutazama saa yake. Kurudi kesho yake pale pale kuona kama chui bado yuko juu ya mti. Na hapa Mtanzania ana bahati ambayo haitumii. Mgeni mtu mzima kutoka nje analipa dola 60 hadi 70 kabla ya kodi kuingia Serengeti kwa saa 24, kutegemea msimu. Raia mtu mzima analipa shilingi 10,000 na kodi yake ya ongezeko la thamani. Mgeni inabidi achunge saa yake ya kutoka, maana akichelewa dola zinaanza upya. Sisi tukichelewa ni elfu kumi na ushee. Muda, kitu ambacho mgeni anakinunua kwa bei ya kuruka, kwetu ndicho cha bei rahisi. Halafu tukienda tunakimbia mbuga nne kwa siku tatu!

Kwa hiyo mpango wangu ni huu. Hifadhi moja, kitanda kimoja, usiku mbili pale pale Seronera. Bonde la mto Seronera lina simba na chui mwaka mzima, hatuna haja ya kuhamahama na mabegi. Nimegoma kwenda na Noah ya kaka. Tunakodi Land Cruiser inayofunguka juu, iwe yetu peke yetu, mama akae dirisha analolitaka na asizibwe na mtu. Hapo ndipo tutakapotumia pesa bila huruma. Pia dereva awe mwongozaji mzoefu, na nimemwekea sharti: amweleze mama kwa Kiswahili. Wengi wao wamezoea kueleza kwa Kiingereza mpaka majina ya wanyama yanawapotea. Nataka amwoneshe nyamera ni yupi, kongoni ni yupi na pofu ni yupi, naye atayaandika kwenye daftari lake.

Kwenye malazi tumebana. Zipo hoteli ndani ya Serengeti ambazo msimu wa wageni wengi bei inapita dola 1,000 kwa mtu mmoja kwa usiku mmoja. Sizisemi vibaya, ila si zetu. Tumepata kambi ya mahema, mahema yale ya kudumu yenye kitanda cha maana, choo na maji ya moto humo humo ndani, na usiku unamsikia fisi. Siri yenyewe ni hii: ulizeni bei ya mkazi. Sehemu nyingi zinayo lakini hazikutajii mpaka utamke. Mimi nilipotamka, bei ilishuka chini ya nusu ya ile niliyoandikiwa kwanza.

Mwezi je? Tumechagua mwishoni mwa Juni. Aprili na Mei mvua huufanya udongo mweusi wa ukanda wa magharibi kuwa gundi, gari linazama hadi ekseli. Juni kunaanza kukauka, na makundi ya nyumbu, ambao kwa jumla hukadiriwa kuwa zaidi ya milioni moja, kwa kawaida huwa yanapita upande huo yakielekea kaskazini, mto Mara. Nimesema kwa kawaida. Nyumbu hufuata mvua na majani, hawana ratiba ya mabasi. Mtu akikuahidi tarehe ya kuwaona, anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Jumla ya yote, pamoja na nauli? Milioni nane na laki tatu. Chini ya sherehe ya dada, na hakuna wa kununa kwamba hakupata nyama.

Nikafikiri kazi imekwisha. Nikampigia mama kumsomea mpango mzima. Akanisikiliza kimya, kama alivyokuwa akisikiliza mtoto anayesoma insha. Kisha akauliza, "Hao watoto wa Lamadi, wanaokaa hapo getini, wameshaingia?" Nikamwambia wapo wanaopelekwa na shule zao, lakini najua wengi bado. Akasema, "Na hema hilo la usiku mmoja ni madawati mangapi?"

Wasomaji, sikuwa na jibu zuri. Nilijaribu kumwambia kwamba kiingilio chake ndicho kinacholipa askari wa wanyamapori, kwamba wapishi na wahudumu wa kambi ni watoto wa watu wanaotegemea kazi ile. Ni kweli yote, lakini nikajisikia ninasoma taarifa kwa vyombo vya habari. Mwisho nikasema lililokuwa moyoni: "Mama, madawati umeyanunua miaka 36. Hizi siku tatu ni zako." Akanyamaza kidogo, akasema atafikiria. Jioni akatuma ujumbe kwa dada: atakwenda, lakini siku ya kutoka tupitie shule ya msingi yoyote pale Lamadi aongee na watoto wa darasa la sita, na milioni tisa za dada zile laki saba zilizobaki zisirudi mifukoni mwetu. Tumekubali. Unabishana vipi na mwalimu?

Kwa hiyo hoja yangu kwa vijana wenzangu ni hii. Tunachanga kwa arusi, kwa ubarikio na kwa misiba, na ni vizuri. Tuchange pia mzazi akaone nchi aliyoifundisha, aliyoilima au aliyoilipia kodi, na tumpeleke kama mgeni wa heshima, si kwa kumkimbiza. Chagueni sehemu moja. Nunueni muda kabla ya kununua mapambo. Ulizeni bei kwa Kiswahili, na anayepoa akiwasikia, mkatieni simu.

Kaka bado anasema mama atalala gari likitembea. Tumewekeana dau la soda kreti moja. Nikirudi Julai nitawaletea picha na jibu.

Na wewe, mzazi wako Serengeti, Ruaha au hata Mikumi ameifikia lini mara ya mwisho? Dirisha la basi halihesabiwi! Karibuni tujadili.

Tuko pamoja.