Kihisi joto cha wino: Kuchapwa ni rahisi, kuaminika ni kazi

UKITAZAMA kichupa cha chanjo ya polio ya matone, utaona alama ndogo: mraba ndani ya duara. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo inafaa. Ukilingana nalo kwa rangi au kuwa mweusi zaidi, chanjo hutupwa. Alama hiyo, iliyoanza kutumika mwaka 1996, haina betri wala waya. Ni kemikali inayobadilika rangi kadiri joto linavyojilimbikiza.

Hata hivyo, alama hiyo haisemi joto lilizidi saa ngapi wala wapi njiani. Pia haioneshi iwapo chanjo iliganda, ilhali chanjo ya homa ya ini aina ya B huharibiwa na kuganda. Pengo hilo ndilo linaloweza kuzibwa na kihisi joto kinachochapwa kwa wino.

Afrika haikubaki nyuma katika jambo hili. Maprofesa David Britton na Margit Härting wa Chuo Kikuu cha Cape Town walibuni wino wenye chembechembe ndogo mno za silikoni, na mwaka 2010 ikazaliwa kampuni ya PST Sensors. Wino wa aina hiyo huchapwa juu ya karatasi au plastiki inayokunjika, kwa njia isiyotofautiana sana na ile ya wachapaji wa fulana. Joto linapopanda, ukinzani wa umeme katika wino hupungua. Ukiupima ukinzani, umelijua joto. Mistari ya wino wa fedha hupitisha umeme, na kwa msaada wa antena, taarifa huweza kusomwa na simu iliyo karibu.

Wanaoisifu teknolojia hii husema ni nafuu. Ni kweli nusu. Wino na plastiki ni nafuu, lakini kihisi kinahitaji pia kijisehemu cha kielektroniki cha kusoma na kutunza takwimu, na mara nyingi betri. Isitoshe, uchapaji haulingani kila mara, hivyo vihisi havina budi kupimwa na kusahihishwa kabla ya kuuzwa. Gharama hiyo husahaulika katika hotuba.

Mwilini mambo ni magumu zaidi. Kihisi kikikunjwa, ukinzani wake unaweza kubadilika ingawa joto halijabadilika. Jasho nalo huingilia. Tena ngozi ya kiganja cha mkono huwa na joto la chini kuliko nyuzi 37 za ndani ya mwili, na hupoa upesi penye upepo.

Kwa maoni yetu, kasha la chanjo litanufaika kabla ya mkono wa mgonjwa. Ndani ya kasha hakuna jasho wala kukunjwa, na mipaka inajulikana: nyuzi 2 hadi 8 kwa chanjo nyingi. Kwa mtoto mchanga, kosa la nusu nyuzi laweza kuamua kama mama atakwenda zahanati usiku huo au atangoja asubuhi.